Dondoo Muhimu: Umehitimu, Unatafuta Kazi ya Sera Tanzania?

- Chagua sekta moja: maji, afya au kilimo. Kusema tu "napenda sera" hakumsaidii mwajiri.
- Soma hotuba ya bajeti ya wizara husika, kisha andika muhtasari wa kurasa mbili: tatizo, ushahidi, pendekezo. Uambatishe kwenye maombi.
- Zoea takwimu. Anza na matokeo ya Sensa ya 2022 kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu.
- Usingoje wizara pekee. Jisajili Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi serikalini, lakini bisha hodi pia kwenye taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF, halmashauri na asasi za kiraia.
- Kamati ya Bunge ikialika maoni kuhusu muswada, peleka yako kwa maandishi.

Haba na haba hujaza kibaba: andika muhtasari wa kwanza wiki hii.