Fomu ya Mkono na Lugha ya Mgonjwa

Je, umewahi kupewa fomu hospitalini ukashindwa kujua inauliza nini? Tuseme wewe ni mkazi wa Kitengela, bega limekusumbua miezi mitatu, na mtaalamu wa tiba ya viungo anataka kujua limekuathiri kiasi gani. Huenda akatumia fomu iitwayo DASH, iliyotungwa na wataalamu wa Marekani na Kanada na kutolewa mwaka 1996. Ina maswali 30, kila moja likiwa na majibu matano. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na kadiri zinavyopanda ndivyo shida ilivyo kubwa. Ukichagua jibu la tatu kila mahali, utapata 50.

Ugumu huanza fomu inapoacha Kiingereza. Kwetu sisi, mkono waweza kuwa kuanzia begani hadi vidoleni, au kiganja peke yake. Mgonjwa akijibu kwamba mkono unamwuma, je, ni kiwiko au ni kifundo?

Kwa hiyo tafsiri hujaribiwa kwanza. Watu wawili hutafsiri, kila mmoja kivyake. Wengine ambao hawajaiona fomu ya awali huirudisha katika Kiingereza, kisha kamati hulinganisha. Wagonjwa nao huulizwa wameelewa nini, na baadhi hujaza fomu mara mbili. Ikiwa hali ya mtu haikubadilika lakini alama zimepishana sana, fomu ina kasoro. Wakorea waliipitisha DASH katika majaribio ya namna hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Huku kwetu, fomu nyingine ya afya, SF-36, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Dar es Salaam. Matokeo yake yalitoka mwaka 1999.

Sasa ipeleke DASH Magadi. Inauliza juu ya kukausha nywele kwa mashine, na juu ya michezo kama gofu na tenisi (gofu, kwa mchota maji!). Mama anayetunga shanga, kukamua mbuzi na kubeba mtungi wa lita 20 ataruka maswali hayo. Akiacha zaidi ya matatu, alama zake hazihesabiwi, na maumivu yake hayaonekani popote.

Ukipewa fomu hiyo, usiruke swali. Kama hukuifanya kazi inayotajwa wiki iliyopita, kadiria ingekuwa ngumu kiasi gani. Hesabu uwezo wako, hata kama ungetumia mkono ule mzima. Neno lisipoeleweka, mwombe mhudumu akuonyeshe kwa kidole ni sehemu gani ya mkono inayoulizwa.