Somo la Afya ya Jamii: Kwa Nini Kila Kifo Kihesabiwe na Kila Mkono wa Mtoto Upimwe

Utapiamlo ukitajwa nchini Kenya, wengi hufikiria Turkana, Marsabit au Mandera, ambako kituo cha afya kinaweza kuwa safari ya siku nzima. Ni vigumu kuufikiria Kiandutu, mtaa ulio karibu na mji wa Thika, au ploti za vyumba vya kupanga za Githurai na Kimbo huko Ruiru. Lakini mtoto aliye kilomita mbili kutoka hospitalini anaweza kukosa huduma sawa na yule wa mbali, iwapo hakuna anayejua kwamba yupo na kwamba anakonda.

Jambo hili lilidhihirika jijini Nairobi mwaka 2000. Utafiti uliofanywa katika mitaa ya mabanda na kituo cha utafiti cha APHRC ulionyesha kwamba watoto takriban 151 kati ya kila 1,000 waliozaliwa humo walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mashambani idadi hiyo ilikuwa takriban 113. Hospitali kubwa zilikuwa karibu, lakini watoto wa mabanda walifariki kuliko wa vijijini. Hali hii ilikuwa imefichika kwa sababu takwimu za mabanda zilichanganywa na za mitaa ya matajiri, na wastani wa Nairobi ukaonekana mzuri.

Tangu wakati huo nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 41 kwa kila 1,000. Hata hivyo, asilimia 18 ya watoto wa umri huo walikuwa wamedumaa na asilimia 5 walikuwa wamekonda kupita kiasi. Somo la Nairobi halijapitwa na wakati: wastani wa kaunti hauwezi kueleza yanayotokea katika mtaa mmoja.

Nani hufuatilia?

Kitengo cha afya ya jamii huhudumia takriban watu 5,000. Ndani yake wamo wahamasishaji wa afya ya jamii, kila mmoja akitembelea nyumba zipatazo 100. Mnamo Septemba 25, 2023, serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 kote nchini na kuwakabidhi vifaa vya kazi. Mwaka huohuo Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi iliwapa nafasi rasmi katika mfumo wa afya. Anachokiona mhamasishaji nyumbani hukiandika, sikuhizi kwa simu, na taarifa hiyo hufika kwa msimamizi wake na kwenye kituo cha afya.

Kupima mkono

Kifaa kikuu cha kutambua utapiamlo nyumbani ni utepe wenye rangi tatu. Hutumiwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mpimaji hutafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegea, kisha huzungusha utepe bila kuukaza wala kuulegeza.

Kijani: sentimita 12.5 na zaidi. Mtoto yuko salama kwa sasa.

Manjano: kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5. Ana utapiamlo wa kadiri. Apelekwe kituoni, mlezi apate ushauri wa lishe, na apimwe tena.

Nyekundu: chini ya 11.5. Ana utapiamlo mkali na anahitaji kufikishwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Utepe peke yake hautoshi. Mpimaji hubonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, kwa muda wa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto huyo ni mgonjwa mahututi hata kama utepe unaonyesha kijani, maana uvimbe huficha kukonda. Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa kwa chakula tiba akiwa nyumbani na kurudi kliniki kila mara. Asiyeweza kula, anayetapika au mwenye homa kali hulazwa.

Utepe pia hauonyeshi kudumaa. Hilo hujulikana kwa kulinganisha urefu wa mtoto na umri wake, na ndiyo sababu kijitabu cha kliniki kinapaswa kujazwa hata baada ya chanjo za mwanzo kwisha.

Hesabu isiyodanganya

Huu ni mfano wa kubuni. Mhamasishaji ana watoto 60 wa umri wa kupimwa. Mwezi wa kwanza anapima wote na kupata wanne walio kwenye manjano au nyekundu. Nne gawanya kwa 60 ni karibu asilimia 7. Mwezi wa pili anawapata watoto 40 tu, na wanne wana tatizo. Hiyo ni asilimia 10. Je, hali imekuwa mbaya zaidi?

Jibu ni kwamba haijulikani. Watoto 20 hawakupimwa. Huenda walikuwa katika nyumba za kulelea watoto huku mama zao wakiwa kazini viwandani au shambani. Huenda familia zimehama baada ya kodi kuwashinda, na hao ndio wenye hatari zaidi. Kwa hiyo taarifa nzuri hubeba namba mbili, waliopatikana na tatizo na waliopimwa, na kazi inayofuata ni kuwatafuta wale 20: kuuliza majirani na mwenye ploti, kupita jioni au Jumapili.

Kifo kisichoandikwa

Sheria ya Kenya inataka kila kifo kiandikishwe. Kikitokea hospitalini, hospitali hutoa taarifa. Kikitokea nyumbani, jamaa humwarifu naibu chifu wa kata ndogo ambako kifo kimetokea, na kibali cha mazishi hutolewa.

Thika na Ruiru ni miji ya wahamiaji. Kwa sensa ya 2019, Thika ilikuwa na watu zaidi ya 251,000 na Ruiru zaidi ya 490,000, wengi wao wakiwa na kwao kwingine. Msiba ukitokea, mwili husafirishwa nyumbani. Mtoto mchanga anaweza kuzikwa kimyakimya bila taarifa yoyote kutolewa. Familia hubaki na uchungu wake, na mtaa alimofia hubaki bila kumbukumbu. Watoto watatu wakifariki kwa kuhara katika safu moja ya vyumba na kila mmoja akazikwa kaunti tofauti, hakuna atakayeuliza kuhusu maji ya kisima kile.

Mashirika ya misaada hutumia kipimo hiki kutambua dharura: kifo 1 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Katika kitengo cha watu 5,000, hiyo ni sawa na vifo 15 kwa siku 30. Lakini haifai kungoja namba hiyo. Kwa afya ya jamii, kifo cha mtoto mmoja au cha mama mjamzito kinatosha kuuliza maswali: Aliugua lini? Alipelekwa wapi? Nini kilimchelewesha, nauli, ruhusa ya kazini au dalili kutotambuliwa? Mwenye kuuliza haendi kumtafuta mkosaji. Humpa pole mama kwanza, husikiliza, na huandika.

Mambo haya mawili, lishe na vifo, hufuatiliwa pamoja kwa sababu karibu nusu ya vifo vya watoto wadogo duniani huhusishwa na utapiamlo. Cheti kinaweza kutaja nimonia au kuhara, ilhali mwili ulikuwa umeishiwa nguvu za kupambana.

Familia inaweza kufanya nini?

Kumfungulia mlango mhamasishaji na kumwonyesha watoto wote, hata wa mgeni au wa mjakazi. Kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Kumpeleka kupata matone ya vitamini A kila miezi sita hadi atimize miaka mitano, hasa katika wiki za Malezi Bora mwezi wa Mei na Novemba. Kutoa taarifa ya kuzaliwa na ya kifo kabla ya kusafiri.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto ana kipimo cha sentimita 12.0. Yuko kwenye rangi gani, na afanyiwe nini?
2. Kwa nini miguu hubonyezwa hata utepe ukiwa kijani?
3. Katika ploti unayoishi, ni mtoto gani ambaye hajapimwa mwezi huu?