Injini Inapochemka: Mafunzo kwa Mwenye Motokaa ya Mbio

Motokaa za kwanza za Jaguar E-Type, zilizotolewa Uingereza mwaka 1961, zilikuwa na injini ya lita 3.8 na feni izungushwayo kwa umeme. Upepo wa mwendo huipoza rejeta njiani. Lakini katika msongamano wa mjini upepo hukoma, na kazi yote huiangukia feni.

Basi dereva na atazame kwanza joto hupanda wakati gani. Likipanda motokaa iendapo polepole tu, achunguze feni: waya zake, fyuzi, na swichi inayoiwasha maji yapatapo moto. Likipanda hata katika mwendo wa kasi, huenda rejeta imeziba kwa kutu, au thamostati haifunguki, au mpira wa chini umelegea, nao hunywea pampu ivutapo maji.

Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Maji yaliyoshindiliwa humo huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa huruka ghafula na kumbabua mtu. Injini izimwe, ipoe kabisa, ndipo maji yaongezwe. Maji baridi yakimiminwa katika chuma chenye moto, chuma huweza kupasuka, na asiye na subira akapoteza injini nzima.