Lesoni ya 8: Mbele ya Macho ya Nani?

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Kut. 12:8–27; 1 Fal. 22:10–28, Yer. 27 na 28, Eze. 4, 12:1–11, 24:15–24, 33:30–33, Mt. 6:1–18, Mdo. 12:20–23, 19:23–41, 1 Kor. 4:9–13.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 4:9.

Mabaraza mengi ya kanisa yanaijua hoja hii. Vijana wanaomba waonyeshe igizo la Mwana Mpotevu saa tisa alasiri ya Sabato. Mzee mmoja anakumbusha kwamba waanzilishi wa kanisa waliyaonya makundi yao dhidi ya michezo ya jukwaani. Kiongozi wa vijana anajibu kwamba hata Ezekieli aliigiza. Maneno yanakwenda mpaka jua linazama, na mwisho hupigwa kura, Biblia zikiwa zimefungwa.

Ukweli ni kwamba kila upande una hoja ya kusimamia. Mungu aliwaagiza manabii kuonyesha ujumbe kwa miili yao mbele za watu. Na ni Yesu huyo huyo, Neno la Mungu, aliyechagua jina la mwigizaji wa jukwaani kuwaita watu aliowakemea kwa ukali kuliko wote. Juma hili tunayasoma mafungu hayo kwa pamoja, bila kuruka lile linalotusumbua.

JUMAPILI

Jukwaa Lenye Madhabahu

*Soma Matendo 19:23–41. Ghasia ilianza kwa mafundi wa fedha. Kwa nini ikaishia katika ukumbi wa tamasha?*

Ukumbi wa Efeso upo mpaka leo katika nchi ya Uturuki. Umechongwa ubavuni mwa kilima, ngazi juu ya ngazi za mawe, na inakadiriwa kwamba uliweza kuketisha watu wapatao 24,000. Ndiko walikovutwa Gayo na Aristarko, na ndiko umati ulikopiga kelele kwa muda wa saa mbili kumsifu Artemi. Luka anaongeza jambo ambalo mtu aliyewahi kuona umati ukipandwa na hasira atalielewa: wengi wao hawakujua kwa nini wamekusanyika. Tena neno la Kigiriki analolitumia kwa kusanyiko hilo lililochafuka ni *ekklesia*, neno lile lile ambalo sisi tunalisoma “kanisa”. Watu wanaweza kukusanyika, wakaimba kwa sauti moja, wakatoka wamechoka na kuridhika, wala wasijue walikuja kufanya nini.

Kwa watu wa dunia ile, ukumbi wa tamasha haukuwa mahali pa burudani tu. Kule Athene michezo mikubwa ilionyeshwa katika sikukuu ya Dioniso, mungu wa divai, na kuhani wake alikuwa na kiti chake cha marumaru katika safu ya mbele. Kwenda kutazama mchezo ilikuwa kwenda ibadani. Hii ndiyo sababu Tertullian wa Karthago, akiandika karibu na mwaka 200 B.K., aliwakataza Wakristo kuhudhuria matamasha. Alieleza kwamba mambo hayo tangu asili yake ni ya sanamu, mbali na uchafu na damu iliyomwagwa humo.

Lakini historia haikuishia hapo. Katika karne ya kumi, kule Winchester nchini Uingereza, watawa walianza kuigiza asubuhi ya Pasaka karibu na madhabahu: mmoja ameketi kama malaika kaburini, watatu wanakuja kama wale wanawake wenye manukato. Kanisa ambalo viongozi wake wa kale walilipiga vita jukwaa likawa limelipandisha lenyewe ndani ya nyumba ya ibada. Swali halikuondoka. Lilihama tu.

*Ni burudani zipi unazozitazama wewe ambazo zina mungu wake aliyeketi kiti cha mbele?*

JUMATATU

Nabii Aliyelala kwa Ubavu

*Soma Ezekieli 4 na 12:1–11. Orodhesha vitu ambavyo Mungu alimwamuru nabii avitumie. Watu waliuliza nini walipomwona?*

Ezekieli alikuwa mhamishwa miongoni mwa wahamishwa, kando ya mto Kebari. Watu wake walikuwa wamesikia maneno mengi, wakayazoea. Ndipo Mungu akamwamuru achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auhusuru kwa ngome za kuchezea, na kikaango cha chuma kiwe ukuta kati yake na mji. Akamwamuru alale kwa ubavu wa kushoto siku 390, kisha kwa ubavu wa kuume siku 40. Chakula chake kilipimwa kama cha watu waliozingirwa na adui. Alipoambiwa apike kwa moto wa kinyesi cha wanadamu alilalamika, na Mungu akamruhusu atumie samadi ya ng’ombe. Baadaye alibeba mzigo wa safari mchana watu wakimwona, na jioni akatoboa ukuta kwa mkono wake na kutoka gizani, uso umefunikwa.

Anayesema kwamba Biblia haijui maigizo hajaisoma sura hii. Pasaka yenyewe iliwekwa hivyo: kula umesimama tayari, viuno vimefungwa, viatu miguuni na fimbo mkononi, ili mtoto aulize maana yake (Kut. 12:11, 26). Na kila robo, mshiriki anapoinama na beseni la maji mbele ya miguu ya mwenzake, anafanya kwa mwili jambo ambalo mahubiri peke yake yasingelifikisha.

Hata hivyo angalia gharama. Ezekieli hakuwa na mavazi ya kuvua mchezo ulipokwisha. Njaa ilikuwa njaa ya kweli, na ubavu uliouma ulikuwa wake. Kisha soma sura ya 24:15–24, polepole. Mke wake, mtu aliyempenda kuliko wote, alikufa jioni, naye akaamriwa asilie hadharani, asivue kilemba wala viatu, ili awe ishara kwa watu ambao wangepoteza hekalu lao bila hata nafasi ya kuomboleza. Hapo hakuna mwigizaji tena. Kuna mjane wa kiume aliyesimama asubuhi mbele ya majirani, macho makavu, akitii.

Basi mtu angetegemea kwamba baada ya hayo yote watu walitubu. Soma 33:30–33. Walikuja, wakaketi mbele yake kama watu wa Mungu waketivyo, wakamsikiliza kama mtu asikilizaye mwimbaji mwenye sauti tamu. Walimsifu milangoni na ukutani. Hawakutenda. Watazamaji wana uwezo wa kumgeuza hata nabii wa kweli kuwa burudani, na kosa hilo si la nabii.

*Mara ya mwisho uliposema “leo programu ilikuwa nzuri”, ni nini kilichobadilika nyumbani kwako juma lililofuata?*

JUMANNE

Pembe za Chuma

*Soma 1 Wafalme 22:10–28 na Yeremia 28. Zedekia na Hanania walifanana na manabii wa kweli katika jambo gani?*

Wafalme wawili wameketi katika viti vya enzi, wamevaa mavazi yao, kwenye uwanja wa kupuria langoni pa Samaria. Manabii wapata mia nne wanatabiri mbele yao. Zedekia anatokea na pembe za chuma alizojitengenezea, na anaonyesha jinsi Ahabu atakavyowasukuma Washami. Igizo liliandaliwa vizuri. Lilikuwa uongo. Mikaya, aliyekuja mikono mitupu, alipigwa kofi na kupelekwa gerezani.

Hanania naye alijua kuvuta macho. Yeremia alipovaa kongwa shingoni, Hanania alilitwaa na kulivunja mbele ya watu wote. Ni rahisi kukisia umati ulimpenda nani siku hiyo. Ufundi mzuri haushuhudii kwamba ujumbe ni wa Mungu. Hii ni kweli juu ya igizo, na ni kweli pia juu ya kwaya na juu ya mhubiri anayejua lini ashushe sauti.

JUMATANO

Waliokwisha Kulipwa

*Soma Mathayo 6:1–18. Sadaka, maombi na kufunga ni mambo mema. Yesu anakataa nini hasa?*

Neno letu “mnafiki” limetoka katika Kiarabu, nalo halimkumbushi msomaji wa Kiswahili jukwaa. Kigiriki cha Mathayo ni tofauti. *Hupokrites* ndilo jina aliloitwa mwigizaji, yule aliyevaa barakoa na kusema maneno ya mtu mwingine. Hata maneno “kutazamwa na watu” katika aya ya kwanza yametokana na mzizi ule ule uliozaa neno *theatron*, yaani mahali pa kutazamia. Kwa hiyo Yesu anachora picha kamili: kuna jukwaa, kuna mwigizaji, kuna watazamaji, na kinachoonyeshwa ni ibada.

Halafu anataja malipo. Kitenzi alichotumia Mathayo kwa kusema kwamba wamekwisha kupata thawabu yao ni kile kilichoandikwa katika risiti za wafanyabiashara wa zamani hizo: imepokelewa, imelipwa. Aliyetaka kuonekana ameonekana. Hadai kitu tena, wala Mungu hana deni kwake.

Jambo linalotisha ni mahali ambapo Yesu aliwakuta waigizaji hawa. Hawakuwa ukumbini kwa wapagani. Walikuwa sinagogi na kwenye pembe za njia, watu ambao pengine wasingekanyaga ukumbi wa tamasha maisha yao yote. Mtu anaweza kupiga kura dhidi ya igizo la vijana na akatoka katika baraza hilo akiwa ndiye mwigizaji pekee katika chumba: sauti ya maombi yake ya Sabato haifanani na sauti anayosikia mkewe Jumatatu.

*Ni sehemu gani ya ibada yako ingekoma kama kusingekuwa na mtu wa kuiona?*

ALHAMISI

Vazi la Fedha

*Soma Matendo 12:20–23 na 1 Wakorintho 4:9–13. Linganisha Herode na Paulo, wote wawili wakiwa mbele ya watazamaji.*

Luka anasema Herode Agripa alivaa mavazi ya kifalme, akaketi na kutoa hotuba huko Kaisaria. Mwanahistoria Myahudi Josephus anasimulia kifo hicho hicho, cha mwaka 44 B.K., na anatuambia mahali: ukumbi wa tamasha. Mfalme aliingia alfajiri amevaa vazi lililofumwa kwa fedha tupu. Miali ya kwanza ya jua ilipoligonga, liling’aa hata watu wakaogopa, wakaanza kumwita mungu. Hakuwakemea. Maandiko yote mawili yanakubaliana katika hilo: alisikia sifa isiyo yake, akanyamaza, akaipokea.

Paulo aliwaandikia Wakorintho akiwa Efeso (1 Kor. 16:8), katika mji wenye ule ukumbi wa watu 24,000. Anasema mitume wamewekwa wa mwisho, kama waliohukumiwa kufa, wamekuwa *theatron*, tamasha, kwa ulimwengu, kwa malaika na kwa wanadamu. Hakulichagua jukwaa hilo, wala hakuna aliyepiga makofi. Ana njaa, ana kiu, hana mavazi ya kutosha, anafanya kazi kwa mikono yake. Watazamaji wake wamezidi ukumbi wowote, kwa maana malaika wamo.

Herode alivikwa ili aonekane kuwa mwingine. Paulo alionekana jinsi alivyo.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen G. White hakuwa na maneno laini juu ya kumbi za michezo za siku zake. Katika juzuu ya nne ya *Testimonies for the Church* aliziweka miongoni mwa mahali pa anasa palipo hatari zaidi, kwa kuwa huzoesha akili uovu na kuharibu hamu ya mambo ya kawaida ya maisha. Onyo hilo lisipunguzwe. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa leo ina kumbi nyingi kuliko miji yote aliyoijua.

Lakini isomwe pia barua yake ya Desemba 26, 1888. Shule ya Sabato ilikuwa imeandaa programu yenye mnara wa taa wa kuonyeshea, na watoto wakiwa na sehemu zao. Aliamka saa tisa usiku kumwandikia ndugu aliyehusika. Alisema aliufurahia mnara ule, na sehemu ya watoto ilikuwa nzuri. Kilichomsikitisha ni kwamba baada ya kazi na muda mwingi namna ile, hapakuwa na maneno mazito ya kuwaita watoto wampe Yesu mioyo yao. Hakuuliza kwa nini kulikuwa na onyesho. Aliuliza lilimfikisha mtoto wapi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kanisa lenu likitakiwa kuandika mwongozo wa maigizo, ni mambo gani mngeyaweka kwa kufuata mafungu ya juma hili? Zungumzeni kuhusu muda wa mazoezi, mavazi, vichekesho, makofi, na nani aigize sehemu ya Yesu, au kama sehemu hiyo iigizwe kabisa.

2. Ezekieli alifanywa burudani na wasikilizaji wake. Kama darasa, mnafanya nini ili mhubiri, kwaya au vijana wasifanyiwe hivyo kanisani kwenu?

3. Fikirieni kijana ambaye kila mwaka wakati wa makambi anaigiza Mwana Mpotevu, na watu hulia anapoanguka miguuni pa baba yake. Baba yake mzazi ameketi safu ya nne. Hawajasemezana tangu mwaka juzi, na darasa zima linajua. Mwaka huu kijana ameombwa tena aigize. Mwalimu wa Shule ya Sabato amwambie nini, na baba yule aambiwe nini?