Mtoa figo asipoteze kazi yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Leo napenda tumtazame mtu tunayemsahau: mzima wa afya anayejitolea figo kumwokoa ndugu yake.

Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017. Tukasherehekea, na tulistahiki. Lakini figo ile hutoka kwa mtu, na mtu huyo ana ajira. Baada ya upasuaji huhitaji kama wiki nne hadi sita kabla ya kurudi kazini, na zaidi ikiwa kazi yake ni kubeba mizigo.

Siku hizo aziiteje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Kifungu hicho kinamzungumzia mgonjwa. Hakimtaji mtoa kiungo. Mwajiri mgumu atasema: "Wewe hukuugua, umejitakia."

Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo, kwa masharti. Mojawapo ni kuwa mtoaji asipate madhara ya kuvuruga maisha yake ya kawaida, kwani madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Ni kweli, masheikh walikuwa wakizungumzia mwili. Lakini nauliza: aliyefukuzwa kazi, watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, maisha yake hayakuvurugika?

Marekani, kwa sheria ya 1999, mtumishi wa serikali kuu anayetoa kiungo hupewa hadi siku 30 zenye malipo, bila kugusa likizo yake ya mwaka wala ya ugonjwa.

Sisi tusingoje Bunge. Sheria inaweka kima cha chini. Haimzuii mwajiri kutoa zaidi. Enyi Waislamu wenye shule, zahanati na maduka, liandikeni jambo hili katika mikataba. Vyama vya wafanyakazi viliweke katika mikataba ya hiari. Nawe unayekusudia kutoa, chukua cheti cha daktari na ridhaa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya upasuaji.

Surat al-Maida, aya ya 32, imetufundisha uzito wa kuokoa nafsi moja. Tusimwache aliyeitikia abebe gharama peke yake.

Wabillahi tawfiq.