Maumivu ya Mgongo: Sindano za Umeme Zafaa Nini?

Mgema wa Msambweni, mvuvi wa Diani na mama wa Kinango abebaye ndoo kichwani wana adui mmoja: maumivu ya mgongo. Yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu.

Mojawapo ya tiba zake ni akyupancha ya umeme. Mtaalamu hudunga sindano nyembamba mno, kisha huziunganisha mbili mbili kwa nyaya na mashine ndogo. Umeme hafifu hupita kwa dakika 20 hadi 30. Mgonjwa huhisi mdundo mwepesi. Akiumia, aseme ili nguvu ipunguzwe. Profesa Han Jisheng wa Beijing alionyesha kwamba umeme huo huchochea mwili utoe kemikali zake za kutuliza maumivu, jamii ya mofini. Nafuu huwa ya kadiri, tena huja baada ya vipindi kadhaa.

Lakini kutuliza si kuponya. Maumivu yanayoandamana na homa za usiku, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo au uvimbe. Nenda hospitali kwanza.

Kabla ya kudungwa, hakikisha sindano ni mpya na zinafunguliwa mbele yako. Mweleze mtaalamu ikiwa una mimba au watumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiwekewe umeme huo. Mficha uchi hazai.