Ghala la Chungu

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 6 na ya 30, chatutuma kwa chungu tujifunze kuweka akiba. Lakini, ndugu wapendwa, si kila chungu ana ghala. Siafu wanaotuhamisha vitandani hapa Mlabani hawana akiba ya kudumu. Wao huwinda, na mawindo yakipungua huhama pamoja na watoto wao.

Mwenye ghala ni chungu avunaye mbegu, aliyeko nchi za Biblia na nyanda kavu za Afrika ya Mashariki. Huyu huokota mbegu za majani, huzimenya shimoni, makapi huyatupa nje ya mlango, na mbegu safi huziweka katika vyumba vya chini. Mvua ikiilowesha akiba, huitoa mbegu baada ya mbegu na kuianika juani, kisha huirudisha. Wengine hung'ata chipukizi ili mbegu isiote.

Na sisi wa Kilombero je? Mpunga hutoka bondeni na unyevu wake, nasi kwa haraka twautia magunia siku ile ile. Ukivunda, twasingizia wadudu. Ule mzuri twauuza wote wakati wa mavuno, kisha Januari twanunua mchele kwa bei apendayo mwenye duka.